Kengele ya Kipande cha Reli

Shinyanga, Jumatano, Julai 1976

Usingizi hauji. Kila nikifumba macho naisikia ile kengele.

Ni kipande cha reli tu, kinaning'inia nje ya kinu cha pamba. Zamani tulikigonga kwa jambo moja: mwenzetu kaonewa, tokeni. Mashine zinazimwa, meneja anatoka ofisini jasho linamtiririka.

Tangu umoja wetu wa wafanyakazi uwekwe chini ya Chama, katibu wa Chama hapa kiwandani huniagiza nigonge akija mgeni, watu wajipange kumpokea. Nami nagonga. Mwenyekiti wa umoja ni mimi, ila cheo chenyewe alinipa yeye. Hilo linanikera kuliko vumbi la pamba.

Leo asubuhi Kulwa kafukuzwa kazi. Kosa lake ni kuuliza vitambaa vya kufunika pua vitaletwa lini. Na mkewe ana mimba kubwa. Sikwenda kwa katibu kuomba ruhusa. Nilichukua nyundo nikagonga mpaka mkono ukafa ganzi.

Wakatoka wote! Jamani, nilifurahi, nikaona ya zamani yamerudi. Kumbe wanajipanga mistari miwili kando ya njia, wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele. Kulwa akapita katikati yao na kifurushi chake, kichwa chini, akaelekea getini.

Mama Ng'wasi, yule anayefagia mbegu, akanisogelea huku bado anapiga makofi.

"Mwenyekiti, mgeni wa leo ni nani?"