Nusu ya Mstari

George Town, Penang
8 Machi 2009

Kwa Kaka Wai Hoong,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini goti lako limepoa na wifi hajambo. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi.

Leo asubuhi nimelipata shoka la Baba. Lilikuwa katika soko la vitu vikuukuu, juu ya turubai, kati ya pasi mbovu na feni isiyo na mapanga. Nimelitambua kwa zile nukta tatu alizozigonga chini ya tundu la mpini. Nilipoliinua, muuzaji alicheka.

"Shangazi, kutu tupu hiyo! Unataka kumkata nani, mumeo?"

Nikamwambia sijawahi kuwa na mume, na kwamba akiendelea kucheka nitaanza na yeye. Alinifungia kwa gazeti upesi.

Hii ni zana ya kumi na moja. Unakumbuka kwamba baada ya mazishi ulimwita mnunuzi wa vyuma chakavu, naye akabeba zana zote za useremala za Baba asubuhi moja, nami nikiwa hekaluni. Sanduku tupu tu ndilo aliloliacha. Kwa miaka miwili nimezitafuta zana hizo moja moja: randa nne, patasi tano, chombo cha uzi wa wino wa kupigia mistari ubaoni, na sasa shoka. Naziloweka katika siki, nazisugua, nazinoa. Sizipaki rangi. Nazitumia. Kigoda ninachokalia sasa nimekitengeneza mwenyewe, na hakiyumbi.

Mdogo wako,
Sau Kuan


Melbourne
2 Aprili 2009

Mdogo wangu,

Barua imefika. Goti bado linauma asubuhi. Wifi yako anakusalimu na kukuhimiza unywe maji ya tangawizi.

Una miaka sitini na minne. Ulifundisha watoto wa watu miaka thelathini na mitano, pumzika. Baba hakukuruhusu hata kuliruka sanduku lake la zana. Alisema mwanamke akiliruka, baraka hutoka. Sasa unafukua takataka za soko kila Jumapili, majirani wanakutazama.

Sikiliza. Mtu wa hoteli mpya iliyo mtaa wa nyuma amenipigia simu. Anazitaka zana zote, azipake vanishi na kuzipigilia ukutani, mahali wanapopokelewa wageni, na jina la Baba chini yake. Nimekubali. Nyumba ni yangu na vilivyomo ni vyangu. Atakuja tarehe 3 Agosti, sikukuu ya mlezi wa maseremala, pamoja na mpiga picha wa gazeti.

Lile shoka sitaki hata kulisikia. Nililishika miaka minne. Kila siku Baba alipiga mstari wa wino juu ya ubao na kuniambia, "Kata, uniachie nusu ya mstari." Kila siku shoka lilikwepa: ama liliula mstari wote, ama liliuacha mzima. "Wewe huna mikono," alisema mbele ya mafundi wote, "una makasia." Wakacheka. Basi walipigilie ukutani, tena misumari iwe mirefu.

Kaka yako,
Wai Hoong


George Town
19 Aprili 2009

Kwa Kaka Wai Hoong,

Hujambo? Tangawizi nimekunywa. Makaburi nimeyafagia, Baba na Mama wametulia, nimewapelekea kuku na machungwa.

Jibu langu ni hapana. Nyumba ni yako, sibishi. Lakini mlango una komeo, na komeo liko upande wangu.

Mtu wako wa hoteli alikuja jana kupima. Ni kijana wa hapa hapa, amevaa viatu vyeupe.

"Shangazi, zitapendeza mno. Huu weusi wa wino tutauondoa wote."

"Na makali?"

"Makali ya nini? Ni mapambo tu."

"Basi pigilia viatu vyako. Vinapendeza kuliko randa."

Mdogo wako,
Sau Kuan


Melbourne
10 Mei 2009

Mdogo wangu,

Sisi ni wazima. Tarehe tatu Agosti ni tarehe tatu Agosti. Usinilazimishe kumwita wakili.

Kaka yako,
Wai Hoong


George Town
14 Juni 2009

Kwa Kaka Wai Hoong,

Nakuombea afya, wewe na wifi. Sijui kama utaisoma barua hii. Isome mpaka mwisho.

Unakumbuka kwamba mimi nilizaliwa mtu wa kushoto, na kwamba Mama alinifunga mkono huo kwa kitambaa wakati wa kula. Kutu ilipotoka, niliona kwamba shoka la Baba limenolewa upande mmoja tu, kama mashoka yote ya kuchongea. Upande wa pili ni bapa. Huo ndio hulala juu ya ubao. Nilipolishika kwa kushoto, bapa likakaa juu ya ubao na makali yakafuata mstari kana kwamba yametumwa. Nikalihamishia kulia. Likakwepa. Nilijaribu mara kumi, likakwepa mara kumi.

Sote tulimwona Baba akikata kwa kushoto. Tulidhani ni mazoea yake tu. Hatukujua kwamba hata chuma kina mkono.

Nikalipeleka kwa Mzee Seng, fundi pekee aliyebaki wa karakana ya Baba. Alikuwa dukani anakunywa kahawa.

"Mzee, hili ni la mkono gani?"

"La kushoto. Nani asiyejua?"

"Kaka hajui. Yeye ni wa kulia."

Akachovya mkate katika kahawa, akautafuna muda mrefu. "Nilimwambia baba yako, mpe mtoto shoka lake. Akanijibu, 'Mimi wa kushoto nilipewa la kulia, nikaumia miaka miwili. Naye aumie na la kushoto.'"

"Nanyi mkacheka?"

"Binti, tulikuwa tunakula wali wake."

Sikuandikii ili umchukie Baba, wala ili umsamehe. Hilo ni lako. Lakini shoka hili likipigiliwa ukutani litasema uongo siku zote: kwamba Baba alikuwa fundi na mwanawe hakuwa na mikono. Haliendi.

Mdogo wako,
Sau Kuan


George Town
3 Agosti 2009

Kwa Kaka Wai Hoong,

Je, mko salama? Wiki saba hujajibu barua yangu.

Viatu vyeupe alikuja leo saa tatu asubuhi na mpiga picha. Sikufunga komeo. Nililivuta sanduku la Baba mpaka katikati ya mlango, zana zote zikiwa ndani, nikalikalia.

"Shangazi, nina ruhusa ya mwenye nyumba."

"Chukua basi. Ila ujue mwanamke amelikalia tangu alfajiri, siku ya mlezi wa maseremala. Baraka yake kapigilie ukutani kwako, uone kama wageni watakuja."

Kijana akamgeukia Mzee Seng, aliyekuwa amekuja na udi wake. "Mzee, ni kweli haya?"

"Mimi macho yangu hayaoni," akasema Mzee, akayafumba.

Mpiga picha ndiye aliyetangulia kuondoka. Huyo kijana anasema atakupigia simu. Mwambie upendavyo. Mimi bado nimekaa.

Mdogo wako,
Sau Kuan


Melbourne
22 Agosti 2009

Mdogo wangu,

Goti ni lile lile. Wifi yako ni mzima, ila analalamika kwamba nyumba nzima inanuka siki.

Yule wa hoteli alipiga. Nimemwambia atafute baba mwingine wa kumpigilia.

Barua yako ya Juni niliisoma nikaitupa. Jioni nikaitoa jalalani. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye soko la vitu vikuukuu la huku, nikapata shoka la mkono wa kulia, jekundu kwa kutu. Muuzaji aliniuliza, "Babu, la nini hilo kwa umri wako?" Nikamwambia kuna kazi niliyoiacha nikiwa na miaka kumi na saba.

Ubao uliomo katika kifurushi hiki nimeuchonga mwenyewe. Mbao kumi na tisa za kwanza nilizichoma. Huu ni wa ishirini. Usiupige randa. Tazama ukingo wake: wino unaanzia mwisho huu na kufika mwisho ule, haujakatika popote, na ni nusu.

Usiutie sandukuni. Uweke mbele ya picha ya Baba, ukingo ukimtazama. Usiwashe udi wala usimweleze lolote. Macho anayo.

Kaka yako,
Wai Hoong