Chai ya Wakati wa Mashauriano

Ndugu yangu Amos,

Leo majani ya chai yamekwisha, yale uliyonitumia kutoka Riyadh kwa mkono wa yule dereva Mkenya aliyekuwa akimleta bosi wake Jeddah. Nimekung'uta kopo mpaka vumbi la mwisho, nikaona siwezi kuendelea kukukwepa. Ni miezi miwili sasa tangu mlinzi wa lango lenu anipigie simu kusema hukuamka, moyo ulisimama usingizini. Nimekuwa nikijiambia nitakuandikia madam wangu, huyu ninayemfanyia kazi, akisafiri. Madam hasafiri, Amos. Nakuandikia nikiwa katika chumba cha kufulia, hapa mtaa wa Aziziya, mashine inanguruma, na nikiulizwa mbona macho mekundu nitasema ni sabuni.

Kwanza habari za mazishi. Kafili wako, yule mwajiri aliyekudhamini, alitia sahihi karatasi bila maneno mengi. Mama yako alitaka urudishwe nyumbani, ikabidi nimweleze kwenye simu kwamba sisi Wabahai hatusafirishi maiti zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka mji aliofia mtu, na kwamba wewe mwenyewe uliniachia neno hilo. Alilia sana, kisha akasema, "Basi afanyiwe alivyotaka." Wamekuzika huko huko. Sala ya wafu nimeisoma peke yangu, nimesimama kati ya kapu la mashuka na ukuta. Dini iliyokunyima kura uliitii mpaka kaburini.

Nakumbuka siku uliyoipoteza hiyo kura. Uliwaambia wazee wa baraza letu, bila kupepesa macho, kuwa Elphas ni mwenzako wa maisha na hutamwacha. Hakuna aliyekutukana. Walikuandikia barua ya upole kwamba ndoa kwetu ni ya mume na mke, hivyo katika uchaguzi wa baraza hutapiga kura wala kupigiwa. Kwingine wangekuzuia Karamu nzima, hii yetu ya kila siku kumi na tisa. Wao walikuachia sala na chakula, ila ukifika wakati wa mashauriano ya jumuiya, utoke nje.

Ukajipa kazi. Tukianza kushauriana, wewe unakwenda jikoni kuweka chai. Baadaye unakohoa mlangoni kuuliza kama tumemaliza. Chai yenyewe tangawizi tupu! Tulikunywa tukiisifu, na hata mmoja wetu hakuuliza kwa nini mpishi ni yule yule kila mara.

Halafu tukaja huku, wewe Riyadh, mimi Jeddah. Huku hatuna pa kukutanika, kwa hiyo Karamu yetu ikawa ya simu, saa tisa alasiri madam akiwa amelala. Watu wawili tu. Tunasali, wewe unasoma kwa ile sauti yako ya kukwaruza, kisha mimi nasema, "Sasa tunaingia mashauriano." Nawe unajibu, "Haya dada Rispa, wacha mimi nikaweke chai," unakata simu. Mimi nabaki na kalamu, nashauriana na kapu la nguo. Ukinipigia tena unauliza, "Sista, mlikuwa wangapi huko ndani leo?" Nilicheka. Naona aibu jinsi nilivyocheka.

Lakini mara ile ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Nyumbani walitutumia jambo la kutolea maoni: yule fundi cherehani wa sokoni aliyepigwa na kufungiwa kibanda kwa sababu watu walisema anapenda wanaume. Aliwaomba Wabahai waliomwona akipigwa waende naye polisi kuandikisha maelezo. Twende au tusiende? Ndugu yangu, jambo lile lilikuwa lako kuliko la mtu yeyote, nami nikakuambia tunaingia mashauriano. Kisha ukasema, "Haya, nikaweke chai." Nikaandika maoni yangu peke yangu: tunyamaze, tusije tukaharibiwa jina. Hukuniuliza tulikuwa wangapi siku hiyo. Wiki iliyofuata mlinzi akanipigia.

Niliogopa, Amos. Si dini iliyoniogopesha, ni majirani.

Baada ya kukusomea sala nilimpigia Mama Tabitha, katibu wetu huko nyumbani. Nikamwambia nafuta maoni yangu, na nikamweleza habari ya chai, yote. Kisha akasema, "Rispa, sheria ya ndoa ni yetu sisi wenyewe kwa wenyewe. Lakini kumpiga mtu na kumfungia kazi, nani alituruhusu? Tumefundishwa tumtetee." Walilirudia jambo kwenye Karamu. Wengine walikasirika, wawili wakatoka. Wanne wakaenda na fundi polisi, Mama Tabitha akiwa mbele na mwavuli wake. Kibanda bado kimefungwa, ila maelezo yameandikwa na majina yao yako pale chini.

Nilimuuliza pia kuhusu kura yako. Sitakudanganya, alisema sheria ni ile ile. Mimi bado ni Mbahai, na bado naumia.

Elphas amenipigia. Unajua yeye hajawahi kuwa mmoja wetu. Ameomba awe anasikiliza sala siku za Karamu, kwa sababu anakosa sauti ya mtu anayesali. Nimekubali. Ameniuliza, kwa adabu ile yake, akate simu dakika gani kabla ya mashauriano.

Lala salama, ndugu yangu, huko kwenye mchanga wa Riyadh. Nisamehe. Kesho kutwa ni Karamu. Nimeshaagiza majani mengine, na tangawizi. Tukimaliza kusali nitamwambia Elphas abaki kwenye simu, nimsomee barua ya mashauriano kutoka nyumbani, naye aseme anavyoona. Akishasema, wa kutoka kwenda kuweka chai nitakuwa mimi.

Dada yako,
Rispa