Papa Hangesema Vile

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa,

Kwanza nijue habari zenu. Magoti ya Mama yanamusumbua bado? Watoto wako wamerudi masomoni? Na pale Mabanga munapata maji, ama mungali munapanga bidon kwa foleni tangu asubuhi? Mimi mwili ni muzima. Roho ndiyo mugonjwa, na utaona sababu. Soma hii barua peke yako. Nimeipa mwanafunzi mumoja wa kwetu anayerudi kupitia Kigali, juu telefone siiamini tena.

Unajua kazi yangu huku Kirgizistani: kutengeneza gari zenye kitanda na jiko ndani, zile watalii wanakodisha wazunguke milima. Mbele ya theluji kufunga njia, patron mwenye hizo gari anataka nijaribu njia mupya: kutoka Bishkek, kupanda mpaka ziwa la Song-Kul, kuteremukia Naryn, siku tano. Nipange kila kitu, pahali pa kulala, pa kuchota maji, pa kupata mafuta. Njia ikifaa, nitakuwa ninaongoza wageni, na karatasi zangu za kukaa zitaongezwa.

Hiyo safari niliipanga na Papa. Mutu aliyeendesha kamio ya viazi Masisi mpaka Goma miaka yote ile, nimuulize nani mwingine? Nilimupigia kila dimanche, kisha misa. Hata kitandani, na ugonjwa ule, alikuwa ananigombeza: nibebe mbao mbili za kuzuia magurudumu, nisilale karibu na muto hata mbingu ikiwa safi, niulize wachungaji njia imeharibika wapi kabla ya kuamini ramani. Alicheka sana aliposikia gari iko na lavabo ya kunawia. "Sasa wewe unaendesha gari ama unaendesha nyumba?"

Halafu, tangu majuma matatu, nikipiga, Papa amelala. Papa anaoga. Papa amechoka. Mukasema niandike maulizo yangu, atajibu kwa mesaji. Nikasema sawa, muzee amechoka, sauti inamupotea. Nilitaka kuamini, Yaya. Majibu yalikuja na heshima yote, "mwanangu mupenzi". Papa hajaniita mupenzi tangu nizaliwe.

Juma lililopita niliuliza juu ya muteremuko wa Naryn, mawe matupu, kona juu ya kona, na gari ni nzito. Namba ya Papa ikajibu: "Toa vitesse, usiweke gia yoyote, achia gari iteremuke yenyewe, utachunga mafuta."

Nilisoma, nikakaa chini pale pale kwenye garage. Baba mudogo alikufa kwa muteremuko wa Sake kwa kufanya vile vile. Freni ziliungua, na ni Papa alimutoa ndani ya kamio na mikono yake. Tangu siku ile anarudilia neno moja: gari inateremuka na vitesse ile ingepanda nayo. Hata wewe umelisikia mezani mara ngapi? Papa hangesema vile hata na homa kali.

Nilitaka kukuandikia kwamba sikukasirika. Aka, nimekasirika. Najua desturi yetu, mutu wa mbali haambiwi, asije akaanguka peke yake ugenini. Mulisema tungojee amalize safari kwanza. Lakini ningelikuwa mutu wa kutii tu, ningeteremuka vile mulivyoandika, na mungelia mara mbili.

Ninaondoka kisha majuma mawili. Nitaendesha vile Papa alinifundisha, mbao ninazo tayari. Lakini sitaki kupanda ile milima bila kujua. Alikufa siku gani? Aliniulizia? Mimi ndiye kijana wake wa kwanza. Nani alitupa udongo pahali pangu?

Salimia Mama, umushike mikono. Salimia shangazi yetu anayeuza vitenge kule Birere, na bwana yako. Salimia na yule aliyeandika zile mesaji. Najua ni wewe, na najua uliandika ukilia.

Papa sikumutia kwa salamu. Nilishika kalamu, nikashindwa kujua niandike nini. Hapo utanijazia wewe.

Mudogo wako,
Amani