Tulisema Ni Woga

Mama,

Nakuandikia hapa hapa Ntoto, mu nyumba ile tulipewa siku tulitoka Kibabi mbio. Jana muganga alinifunga kitambaa cha kupimia tansio, ile presha ya damu, ku mukono. Akapima, akapima tena, akaniuliza: "Mama yako alikufa na nini?"

Haya ilinishika, Mama.

Kule Kibabi ulikuwa unakunywa kinini chako, kidonge cha tansio, kila asubuhi mbele ya chai. Siku ya kukimbia, mimi njo nilifunga mizigo. Nilibeba sufuria, maharagi, hata ufagio! Vinini nikaviacha ku dirisha. Ukaniambia, "Haina neno, mutoto yangu. Mungu iko."

Halafu ukaanza kushika kifua: "Moyo unanipiga." Na sisi wote tukakujibu, "Hata sisi, Mama. Ni woga." Na vita hii, nani moyo wake haupigi? Miguu ikavimba, tukasema ni safari. Ukawa unalala umekaa, pumzi inakukatalia ukilala chini, tukasema unasikiliza kama wanakuja. Tukakuombea, tukakukataza kuwaza sana.

Ole wangu! Asubuhi ile ulianguka ukimenya mihogo, siku ya tatu masasi ya bunduki hayajalia. Watu walikuwa wanacheka ku kisima. Woga gani basi?

Tangu uende, Papa hasemi na muntu. Anakaa mahali pako ku moto, tukimupa chakula anakishika tu.

Na mimi niko na tansio ile ile yako, Mama. Vinini muganga ameniandikia, lakini hapa havipo. Njia ya Masisi imefungwa na watu wa bunduki, wachuruzi wa Butembo wenye kuuza dawa hawafiki tena. Muntu akipigwa risasi, watu wanakimbia naye. Wa moyo anaambiwa apumuzike. Nimekasirika, nimechoka, naogopa. Nikianguka, hawa watoto wangu wawili nitawaachia nani?

Leo jirani yetu, Mama Riziki, alishika kifua ku kisima. Wanawake wakamwambia ni woga. Nilipiga kelele, Mama, mpaka ndoo ikamwagika: "Si woga! Mama yangu alikufa na hii!" Kesho naenda naye kwa muganga, polepole, hata kama hana dawa ya kutupatia.

Nisamehe ile dirisha. Lala, Mama yangu, pumuzika sasa, hata chali. Dawa siwezi kukuahidi. Nakuahidi hii tu: muntu akiniambia moyo unamupiga, sitamujibu tena "hata sisi."

Mutoto wako wa kwanza,
Zawadi