Jedwali la Kee Seng

Bayan Lepas, Jumapili

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia na masikio hayajazidi kukusumbua. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haitulii: tangu asubuhi nimefua nguo zilizokuwa safi, nakaa, nasimama, chai inapoa, nachemsha nyingine. Ningekupigia simu, lakini mambo haya hayafai kupigiwa kelele, na wewe bila kelele husikii.

Dada Mee Ing ameniambia umeshagawa biskuti za uchumba mtaa mzima, hadi kwa wale majirani mliogombania nao mfereji. Jamani Baba, si ungesubiri kidogo! Unataka kujua mimi na Kee Seng tutakuja lini huko nyumbani Sitiawan kupanga karamu. Jibu limo humu, ila nivumilie nianzie kazini, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Unajua bodi za kompyuta tunazotengeneza zinaingia kwenye mashine za kuwatunzia joto watoto njiti. Uliwahi kuniuliza kompyuta inajuaje imefungwa vifaa gani, nikakujibu ovyo kwa sababu nilikuwa na njaa. Sasa nakujibu vizuri. Kifaa cha kuchomeka kwa nje, kama kipanya, hujitambulisha chenyewe. Lakini nyingi ya chipu ndogo zilizochomelewa kwenye bodi ni bubu. Kwa hiyo kompyuta inapoamka, programu ya mwanzo iliyo ndani ya bodi huukabidhi mfumo unaoendesha kompyuta jedwali: mahali hapa pana chipu, jina lake hili. Kiini cha mfumo husoma jina, kikatafuta programu inayoijua chipu ya jina hilo, kazi ikaanza. Hakina macho ya kuhakikisha. Ukiandika bata, kitamtunza kama bata hata kama uliweka kuku.

Sasa, hakuna anayeandika jedwali upya. Tunachukua la bodi iliyopita, tunarekebisha palipobadilika. Kee Seng ndiye bingwa wetu wa hilo, na wenzetu humtania kwamba hata maneno ya kunichumbia aliyanakili kwa kaka yake. "Mradi yalikubaliwa," huwajibu, na anacheka kuliko wote.

Safari hii chipu ya kupimia joto iliadimika, wenzetu wa idara ya manunuzi wakaleta nyingine inayofanana nayo. Kwenye jedwali likabaki jina la zamani. Programu ya zamani ikaisoma chipu mpya bila kulalamika, ikaonyesha joto pungufu ya lile lililopo. Unaiona hatari? Mashine inadhani mtoto ana baridi, inazidi kumpasha. Majaribio yetu yaliuliza tu kama chipu inajibu. Ilijibu, mashine zikapelekwa hospitali.

Niligundua wiki iliyopita. Hewa ya mashine ya maonyesho pale ofisini ilinichoma mkono, nikaweka kipimajoto cha kawaida ndani yake, kikazidi namba ya kwenye kioo; nikafungua jedwali, nikakuta jina la chipu ya zamani. Nilimvuta Kee Seng hadi kwenye kibanda cha tambi nikamweleza, nikijua atashtuka. Aliendelea kukamulia ndimu bakuli lake, akaniambia nipunguze sauti. Kumbe alikuwa anajua! Alijua kabla mzigo haujaondoka, na akanyamaza. Akasema atarekebisha kimyakimya kwenye toleo lijalo, na kwamba wauguzi wana vipimajoto vyao. Nilipombishia akaniuliza, "We Siew Hung, tunaoana mwezi wa nane. Unataka nifukuzwe kazi ndiyo ufurahi?"

Nilimsihi aseme mwenyewe. Akaahidi kesho. Kesho ikafika, akasema kesho. Kila simu ilipolia ofisini nilidhani hospitali wanatupigia kuhusu maiti. Nilikasirika, Baba, na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja.

Nililokuwa nashindwa kukuandikia tangu juu ni hili. Ijumaa niliingia kwa mkurugenzi wetu, Bwana Ngu, nikamwambia kila kitu kuhusu ile chipu. Mashine zilizimwa siku ileile. Kwenye wodi moja kulikuwa na mtoto wa kike ambaye madaktari walikuwa wanahangaika na homa yake bila kujua inatoka wapi. Walipomhamisha, homa ikashuka. Kisha Bwana Ngu akauliza jedwali liliandikwa na nani. Pale kwetu kosa huwa ni la "sisi", na ningesema "sisi" asingeniuliza zaidi. Nilimtaja Kee Seng. Nikamtaja na jina la ukoo, kana kwamba tuna Kee Seng wawili.

Alikuja jana kuchukua vitu vyake kwangu. Aliniambia nimewachagua watoto wa watu kuliko yeye, na ndivyo nilivyofanya. Harusi haipo tena, Baba. Bado nampenda, nisikudanganye. Na angeniuliza Bwana Ngu leo, ningemtaja tena.

Biskuti zimeshaliwa, hazirudi. Majirani wakikuuliza, waambie binti yako ndiye aliyevunja, usimtupie lawama mtu mwingine. Najua nimekuaibisha mbele ya Mzee Lau, nanyi mmekuwa marafiki tangu kabla mimi na mwanawe Kee Seng hatujazaliwa. Unisamehe kwa hilo.

Meza dawa zako na usipande ngazi. Mpe Dada Mee Ing salamu zangu na uwabusu wanawe. Mzee Lau naye nisalimie, kama ataitikia.

Ni mimi binti yako,
Ting Siew Hung