Mashua Uliyoiulizia

Kasongo, kando ya Lualaba
Tarehe 9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Théophile,

Mimi dada yako mkubwa nakusalimu. Hujambo? Mkeo Chimène hajambo? Watoto je, na duka? Natumaini huko Kabambare mnakula mkashiba na mnalala usingizi. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mama, ambaye tumemzika.

Maneno yako nimeyapata kwa Djamali wa moto, yule mwendesha pikipiki. Umetuma pole, na mara baada ya pole, swali: mashua ya baba iko katika hali gani? Nakujibu, maana si vizuri kumnyima mtu jibu.

Uliahidi mwenyewe. Kiangazi kikianza ungekuja kumvusha mama, umpeleke kwa kaka zake. Desturi unaijua: mjane hurudishwa kwao na mtoto wa kwanza wa kiume, tena katika chombo cha marehemu. Mitumbwi inavuka kila siku, Théophile. Nilimsihi apande wowote. Alikataa kabisa: "Miye si mutu wa kuvushwa na wageni. Mutoto wangu iko njiani."

Basi mdogo wetu Pitchou, yule unayemwita mvivu, aliitoa mashua kwenye banda la mbuzi ilikolala tangu matanga ya baba. Mbao zilikuwa zimekauka, kidole kinapita katikati. Aliziba nyufa kwa pamba na lami, kisha akaizamisha mtoni mpaka mbao zikavimba na kushikana tena.

Mota ilikuwa na kiota cha nyigu, na esansi, ile petroli ya zamani, imegeuka gundi ndani yake. Aliifungua yote, akaisafisha, akatia buji mpya ya kuwashia, akaitumbukiza mguu kwenye pipa la maji. Alivuta kamba hadi viganja vikachubuka. Ilipowaka, mama aliacha kutwanga majani ya sombe, akapiga vigelegele. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya baba akirudi nyumbani.

Toka hapo alikaa tayari. Moto yoyote ikilia barabarani, anavaa kitenge chake cha sikukuu na kushika mfuko. Nilichoka kumvua. Wewe ulisema mvua, ukasema tairi, ukasema wateja. Uwongo wako ulikuwa na afya kuliko mama.

Homa haikumkawiza. Seremala wa jeneza alikuwa na mbao mbichi tu, akasema zitapinda kabla ya mazishi. Mimi ndiye niliyemwonyesha mashua. Pitchou alilia, lakini msumari wa kwanza niliung'oa kwa mkono wangu, na sijutii.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, mashua iko katika hali nzuri na haivuji. Tuliweka jeneza kwenye mtumbwi wa kuazima, Pitchou akafunga mota nyuma, nayo haikuzima hadi ng'ambo. Mama amefika kwa kaka zake katika chombo cha mume wake, kama alivyotaka. Aliyekosekana ni mtu wa kumpeleka.

Mota tumekuwekea, wewe ndiwe mrithi. Njoo uichukue. Na siku ukitaka kuliona kaburi, mitumbwi inavuka kila siku.

Nisalimie Chimène, na umbusu binti yenu, Laura wangu. Wao hawana kosa. Pitchou hakusalimu, sitamsingizia. Mungu awakuze watoto wako, wakutunze uzeeni kama ulivyomtunza mama.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nilimwahidi mama, na mimi nikiahidi natimiza. Kabla ya kufumba macho alinishika mkono, akasema: "Apolline, usimugombeze Théophile. Ile barabara ndio iko mubaya."

Nimekufikishia. Djamali, anayekuletea barua hii, amepita barabara hiyo mara mbili wiki hii.

Dada yako, akupendaye kwa sababu mama aliomba,

Apolline