Kompyuta ya Mwalimu Mukhisa Iliyowaka Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Kitale, tarehe 20 Agosti 2024

Jina: Chemutai Kipsang
Umri: Miaka 31
Kazi: Fundi wa kompyuta na simu
Makao: Tuwan, Kitale

Mimi ndiye Chemutai. Nimeitwa hapa kwa sababu ya malalamishi ya Levi, kaka yake mjane Nabwile, anayesema kwamba nilikula hongo ili kompyuta ya marehemu isiwake mpaka mazishi yaishe. Sijala hongo ya mtu. Afande Chelagat ameniambia nianze mwanzo na nipunguze sauti. Nitajaribu.

Mnamo tarehe 13 Agosti, siku ya Jumanne, mwendo wa saa nne asubuhi, nilikuwa katika kibanda changu cha kazi hapa mjini. Mama mmoja aliingia akiwa na laptopu aliyoifunga kwa leso yake ya kiunoni. Huyo ndiye Nabwile, ambaye huko kwao wanamwita Mama Beth. Aliniambia kwamba mume wake, mwalimu Mukhisa wa Saboti, amefariki na mwili uko mochari hapa Kitale. Alisema mwalimu alipokuwa mgonjwa alijirekodi video kwa hiyo laptopu, akieleza anataka kuzikwa Saboti kando ya binti yao Beth, ambaye alitangulia. Ndugu za mwalimu walitaka kumpeleka Myanga, huko Bungoma, alale na baba zake. Walikuwa wamekubaliana wakutane nyumbani Saboti Jumatano jioni. Wakiiona hiyo video, mwalimu azikwe Saboti. Wasipoiona, aende Myanga.

Kilichomleta kwangu ni kwamba laptopu ilikuwa inachukua muda mrefu sana kuwaka, na mara nyingine ilikwama. Alisema, "Fundi, sitaki iniaibishe mbele ya wazee."

Niliiangalia. Diski yake ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa bado inawaka. Nilimshauri tuweke diski mpya, zile za kisasa zisizozunguka, nihamishe kila kitu kutoka kwa ile ya zamani. Lakini nilimwambia kwanza tutoe hiyo video tuiweke kwa flashi, ndipo tuguse kitu kingine. Akakataa katakata. "Usifungue mambo ya ndani. Nyinyi mafundi mnasambaza vitu vya watu." Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira, hata afande ameona. Lakini mgonjwa aliye kwa hiyo video ni mume wake. Ningemlazimisha vipi?

Basi nilihamisha bila kufungua chochote. Mashine ilisema imemaliza. Nilifunga diski mpya, nikawasha, nembo ikatokea, na hapo hapo stima ikapotea. Betri ya hiyo laptopu ilikufa zamani, kwa hivyo ikazima. Nilimwambia, "Mama, ngoja stima irudi tuhakikishe." Akasema ameona imewaka, inatosha, gari la Saboti linajaa. Akanyoosha mkono. "Spea yangu ya zamani naenda nayo." Hapa kwetu kila mteja huenda na spea yake, kwa sababu wanaamini fundi ataiuza. Hatuwezi kuwalaumu, tumejitakia wenyewe. Nilimpa. Aliitia ndani ya leso pamoja na laptopu.

Jumatano jioni, nikiwa nyumbani napika, alinipigia simu. Aliongea kwa sauti ya chini. "Fundi, skrini ni nyeusi. Kuna maandishi meupe. Yanasema nini?" Nilimwambia anisomee. Alisoma herufi moja moja, na nikaelewa kwamba mashine haioni diski ya kuwashia. Nilimwambia azime, awashe, abonyeze kitufe fulani cha juu. Hakukiona. Kando yake nilisikia watu wakikohoa. Kisha mwanaume mmoja akasema, "Basi, shemeji. Usijitese. Tunakupa mpaka Ijumaa gari likitoka mochari." Nilikuja kujua baadaye kwamba huyo ni Wekoye, ndugu mkubwa wa marehemu. Nilizima jiko, nikaketi tu. Chakula kilinishinda.

Alhamisi aliingia kabla sijamaliza kufungua mlango. Alikuwa na vitu vyote viwili, laptopu na diski ya zamani. Nilijaribu yote ninayoyajua. Nilitoa diski mpya nikairudisha, nikabadilisha mpangilio wa kuwasha, nikajaribu waya wangu. Ikakataa. Niliunganisha ile diski mpya na kompyuta yangu nikaona vitu vyake vingi vimehama, hata jina la video liko, lakini Mama Beth alipojaribu kuifungua mwenyewe, haikufunguka. Diski ya zamani ilikuwa na sehemu dhaifu, na wakati wa kuhamisha, mashine ilikuwa imeziruka. Iliruka zile za kuwashia na iliruka za video. Kwa hivyo video nzima ilikuwa kwa diski ya zamani peke yake.

Niliirudisha ya zamani mahali pake, nikawasha. Ikagonga. Ka! Ka! Ka! Halafu kimya. Jumanne haikuwa inagonga hivyo. Mama Beth aliniuliza, "Hiyo sauti ni nzuri?" Nilimwambia hapana. Hakulia. Alianza kukunja ile leso, akaikunja mpaka ikawa ndogo kabisa, akaomba maji, kisha akaniachia vitu vyote.

Ijumaa asubuhi Wekoye alikuja mwenyewe. Levi anasema huyo ndiye aliyeleta hongo. Alichoninunulia ni soda, na ushahidi ni chupa, ambayo mwenye duka ameshaichukua. Aliketi akanitazama nikijaribu. Aliniambia, "Fundi, hata mimi natamani kumsikia ndugu yangu. Lakini gari la maiti haliwezi kungoja kompyuta." Niliwasha tena mbele yake. Ikagonga. Akainuka, akavaa kofia, akaenda mochari. Mzee wa watu hakusema neno baya hata moja.

Jumamosi, tarehe 17, ndiyo siku ya mazishi huko Myanga. Hakuna aliyenituma kazi. Ningefunga kibanda niende zangu, lakini moyo ulikataa. Kuna mbinu ya mafundi wa zamani ya kuipoza diski inayogonga. Mara tisini kati ya mia haisaidii. Niliifunga kwa nailoni mbili, nikamwomba Jepkosgei wa hoteli ya jirani aniwekee kwa friji ya soda. Alinicheka, ati sasa napika kompyuta. Mwendo wa saa nane mchana niliitoa, nikaipangusa, nikaifunga kwa laptopu ya mwalimu, nikabonyeza.

Haikugonga. Ilizunguka. Nembo ikatokea, zile nukta zikaanza kuzunguka, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, picha ya msichana wa shule ikajaa kwa skrini. Jamani, nilipiga ukelele, mpaka Jepkosgei akaja mbio.

Nilimpigia Mama Beth. Nilisikia kwaya, na nikasikia majembe. Nikamwambia, "Mama, imewaka. Wamefika wapi?" Akasema, "Wanafunika."

Nilimwambia aweke simu kwa sauti kubwa, watu wasikie, wasimame. Yeye akasema, "Mtu akishafunikwa hafunuliwi, mwanangu. Nichezee mimi tu." Ndipo nikafungua ile video kwa mara ya kwanza, kwa ruhusa yake, nikaweka simu kando ya spika. Mwalimu alikuwa amekonda sana. Alisema hivi, na niko tayari kuapa: "Ndugu zangu, Myanga ni kwetu, sina neno nayo. Lakini Beth tulimwacha hospitalini peke yake usiku ule, akaenda bila mtu wa kumshika mkono. Nilazeni kwake. Sitaki mtoto alale peke yake tena." Baada ya hapo skrini ikaganda. Diski ikaanza kugonga, na mpaka leo haijawaka, hata hapa kituoni mbele ya afande.

Sasa Levi anasema, kama iliweza kuwaka Jumamosi, ingewaka Ijumaa. Ingekataa kabisa, ningekuwa fundi mbaya tu. Kwa sababu niliiwasha, nimekuwa mhalifu. Sijui mtu afanye nini katika nchi hii.

Afande ameniuliza mara tatu ni nini kiliharibu diski kati ya Jumanne na Alhamisi. Sikutaka kujibu. Nimeambiwa nisipojibu naweza kulala ndani, na nina mtoto anayenyonya.

Jibu ni hili. Video ilipoganda, Mama Beth alikuwa bado kwa simu. Aliniambia kwamba Jumatano aliipakata ile diski ya zamani ndani ya leso. Wageni walipoingia, alisimama kuwasalimia, ikaanguka kwa saruji. Akaniuliza, "Fundi, niambie ukweli. Ni mimi niliiua?" Nikamwambia, "Wacha, Mama. Ilikuwa imezeeka tu." Hapo nilimdanganya. Diski ilitoka kwangu ikiwa dhaifu lakini inawaka, na Alhamisi ningetoa ile video kwa saa moja. Ni kule kuanguka kulikoimaliza. Naomba jambo hili Mama Beth asielezwe na mtu yeyote. Nitalipa hata ile diski, lakini hilo asielezwe.

Sina lingine la kuongeza. Nimesomewa maneno haya na ni yangu.

Sahihi: C. Kipsang

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Konstebo Chelagat, na kumsomea shahidi kwa sauti kama inavyotakiwa. Shahidi alilia, akatulia, akatia sahihi. Wakati wa kusoma, mlalamishi Levi na dada yake Nabwile walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya chumba hiki, na dirisha lilikuwa wazi. Sikujua kwamba wameshafika. Nilipotoka nilimkuta Levi peke yake. Nabwile alirudi baada ya muda, uso umelowa maji ya mfereji, akaomba malalamishi yafutwe. Nilimuuliza sababu. Alisema fundi aachiliwe akamnyonyeshe mtoto.